Mazda CX-5 ya petroli au ya dizeli: tathmini kwa familia inayoishi Tabora

Familia nyingi za hapa Tabora zilizoanza na Toyota IST, Premio au Subaru Impreza hufika wakati ambapo watoto wamerefuka, mizigo imeongezeka, na safari ya likizo haiwezekani tena kwa watu watano kubanana huku madumu ya asali na gunia la mchele vikigombania nafasi ya miguu. Hata hivyo, anayeendesha hayuko tayari kuachana na gari jepesi linaloshika kona vizuri ili achukue gari kubwa lisilochangamka. Anatafuta gari la familia ambalo bado linampa raha ya kuendesha, na kwa miaka hii gari ambalo mazungumzo mengi huishia kwalo ni Mazda CX-5 iliyotumika Japani, kwa kuwa ina nafasi, imeinuka kutoka ardhini kwa sentimita 21, na usukani wake unaitika upesi. Ugumu unaanzia kwenye injini, kwa sababu gari hilo hilo, lenye umbo na viti vile vile, linapatikana kwa petroli na kwa dizeli.

Nimeziendesha zote mbili katika barabara zetu. Ya dizeli ni ya shemeji yangu, ambaye kazi yake inampeleka mara kwa mara Sikonge, Mpanda na Nzega. Ya petroli ni ya mwalimu mwenzangu anayeishi Isevya, na safari zake nyingi ni za shule, sokoni na hospitali ya Kitete. Uamuzi wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: kwa familia ambayo gari lake linalala na kuamka mjini Tabora na kutoka nje ya mji wakati wa likizo tu, petroli ya lita 2.5 ndiyo inayofaa, ingawa dizeli ndiyo iliyonifurahisha zaidi nilipokuwa nyuma ya usukani. Sababu zake hazimo katika nguvu ya injini peke yake wala katika bei ya mafuta peke yake. Zimo katika namna gari linavyotumika kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ninazungumzia kizazi cha kwanza cha CX-5, kilichoanza kuuzwa Japani Februari 2012, kwa kuwa ndicho ambacho mtumishi wa kawaida anaweza kukifikiria. Petroli ilianza na injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 155 na msukumo (nguvu ya kuzungusha) wa nyutonimita 196, kisha mwaka 2013 ikaongezwa ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 188 na nyutonimita 250. Dizeli ni moja tu, ya lita 2.2 yenye turbo mbili, nguvu za farasi 175 na nyutonimita 420 ambazo hufikiwa injini inapozunguka mara 2,000 tu kwa dakika. Anayesoma nguvu za farasi peke yake ataona magari haya yanakaribiana. Ni zile nyutonimita zinazoeleza kwa nini mtu aliyezoea petroli, akikanyaga dizeli hii kwa mara ya kwanza, hujikuta mgongo umegandamia kiti kabla hajajiandaa.

Kuna jambo moja la mahali tulipo ambalo watu hulisahau wanapolinganisha takwimu hizo. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo zile nguvu 155 za petroli ya lita 2.0 hapa kwetu zinabaki kama 136, na zile 188 za lita 2.5 zinabaki kama 165. Injini yenye turbo hufidia upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo dizeli inabaki karibu na nguvu ilizokuja nazo. Anayehama kutoka gari dogo jepesi na kuingia kwenye CX-5 ya lita 2.0 akiwa na familia nzima na mizigo ataona gari ni tulivu, linatosha, lakini halina ule uchangamfu alioutafuta. Ndiyo maana kila ninapoipendekeza petroli nasisitiza ile ya lita 2.5.

Kwenye barabara ndefu dizeli haina mpinzani kati ya hizi mbili. Kutoka Tabora kwenda Singida kwa kupitia Nzega na Igunga, dereva hukutana na malori ya mizigo yanayotambaa, na katika mlima Sekenke malori hayo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuyapita salama kunahitaji gari linalochanganya haraka katika nafasi fupi iliyo wazi. Ukiwa na dizeli, unakanyaga kidogo, gia haihitaji hata kushuka, na gari linatoka mbele kama limesukumwa na mkono. Petroli ya lita 2.5 inafanya kazi hiyo hiyo kwa kushusha gia mbili na kupiga kelele, na inafika, lakini dereva anapaswa kupanga mapema na kusubiri nafasi iliyo ndefu zaidi. Petroli ya lita 2.0 ikiwa imejaa watu nisingependa kupita nayo lori mahali pale, isipokuwa barabara iwe nyeupe mbele hadi upeo wa macho. Kwa mzazi aliyebeba watoto, hili ni suala la usalama kabla halijawa la raha.

Sifa nyingine ya dizeli hii ni kwamba haiendeshwi kama dizeli za zamani. Mgandamizo wake katika silinda ni 14 kwa 1, mdogo kwa injini ya dizeli, jambo lililowawezesha watengenezaji kutumia vipuri vyepesi zaidi ndani ya injini na kuiruhusu izunguke hadi mara 5,200 kwa dakika. Inapoamka asubuhi ina mlio wa kugongagonga unaosikika nje, lakini ikishapata joto mtu aliyekaa kiti cha nyuma anaweza asitambue ni mafuta gani yanayochomwa. Gia boksi zote mbili ni otomatiki ya gia sita ya mfumo wa kawaida, si ule mfumo wa mkanda ambao wapenda mwendo wengi huulalamikia, na katika hili petroli na dizeli hazipishani.

Petroli nayo ina utamu wake ambao dizeli haiwezi kuuiga. Pua yake ni nyepesi, kwani CX-5 ya dizeli ina uzito wa kilo sabini hivi zaidi ya ile ya lita 2.0 yenye magurudumu mawili ya kuvuta, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Katika mizunguko ya mjini na kwenye kona za barabara ya Kipalapala tofauti hiyo inasikika mikononi: usukani wa petroli unageuka kwa hiari zaidi, na gari linaonekana dogo kuliko lilivyo. Mguu ukiwa mwepesi, injini iko kimya kiasi kwamba watoto wanalala. Anayependa kuisikia injini ikipanda sauti kwa mpangilio anapokanyaga ataipenda petroli hii.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko hoja za wengi huanzia na mara nyingi kuishia. Kwa kipimo cha Kijapani cha JC08, dizeli ya magurudumu mawili ya kuvuta ilipewa kilomita 18.6 kwa lita na petroli ya lita 2.0 kilomita 16.0. Hakuna anayepata namba hizo katika maisha ya kawaida, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Tuseme petroli inakwenda kilomita 11 kwa lita na dizeli kilomita 14, na tuseme lita ya yoyote kati ya hizo ni shilingi 3,000, kwa kuwa bei kikomo zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huzionyesha petroli na dizeli zikikaribiana, mara hii juu na mara hii chini, na zetu za mikoani huwa juu ya zile za Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Familia inayotembea kilomita 12,000 kwa mwaka itaokoa kwa dizeli lita 234 hivi, yaani kama shilingi 700,000. Anayetembea kilomita 30,000 ataokoa lita 584, sawa na zaidi ya shilingi 1,750,000. Kiasi hicho cha pili ni kikubwa na kinastahili kuheshimiwa. Kile cha kwanza kinaweza kumezwa chote na matengenezo nitakayoyaeleza hapa chini, tena katika mwaka mmoja.

Kabla gari halijatembea hata kilomita moja kuna kodi. Ujazo wa injini ndio unaoamua ushuru wa bidhaa: gari la zaidi ya sisi (cc, yaani sentimita za ujazo) 1,000 hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na lililozidi sisi 2,000 hutozwa asilimia 10. Petroli ya lita 2.0 ina sisi 1,997, inapita chini ya mstari huo kwa sisi tatu tu, wakati dizeli ina sisi 2,188 na petroli kubwa ina sisi 2,488. Kwa gari ambalo mamlaka ya mapato imelithamini kwa shilingi milioni 20 hadi bandarini, ukishaongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25 unapata milioni 25; asilimia 5 ya ziada juu ya hapo ni shilingi 1,250,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayokokotolewa juu yake inaifikisha tofauti hiyo shilingi 1,475,000. Kwa hiyo mwenye kipato kinachombana ana sababu halali ya kuichagua ile ya lita 2.0 na kuvumilia unyonge wake. Kati ya lita 2.5 na dizeli, ushuru huo haupendelei upande wowote. Ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi 10, unazigusa zote kwa usawa, na mnunuzi wa kizazi hiki cha kwanza auhesabu tangu mwanzo.

Nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua, nalo ni chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi la dizeli. Chujio hili, ambalo mafundi huliita DPF, hukamata chembe nyeusi zinazotoka kwenye injini ili zisiingie hewani. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari huamuru dizeli ya ziada inyunyizwe kwenye silinda kwa kuchelewa, mafuta hayo yaungue kuelekea kwenye moshi, na joto lipande hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi ili masizi yaungue na kuwa majivu kidogo. Kazi hiyo inahitaji injini iliyokwisha kupata joto na mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Kwenye lami ya kutoka Tabora kwenda Sikonge inafanyika yenyewe bila dereva kujua.

Tazama sasa siku ya kawaida ya familia mjini kwetu. Gari linawashwa alfajiri, katika miezi ya Juni na Julai hewa ikiwa ya baridi, linapeleka watoto shuleni umbali wa dakika chache, linazimwa. Linawashwa tena kwenda kazini, linazimwa. Mchana linakwenda sokoni, linasubiri kivulini chini ya mwembe likiwa linaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, kisha linarudi nyumbani. Tabora ni mji ambao unaweza kuuvuka kabla mshale wa joto haujatulia. Katika maisha hayo injini huzalisha masizi mengi zaidi kwa sababu ni baridi, na kila inapoanza kuyachoma huzimwa katikati. Inaanza upya kesho, inakatizwa tena, na kila jaribio hunyunyiza dizeli ambayo sehemu yake haiungui bali hutiririka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Matokeo yake ni jambo ambalo mmiliki wa petroli hajawahi kuliona: kiwango cha oili kupanda badala ya kushuka. Watengenezaji walilijua, na ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha dizeli hii kina alama ya X juu ya alama ya kawaida ya kujaa; oili ikifika kwenye X, inapaswa kumwagwa na kubadilishwa bila kusubiri kilomita. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na hailindi tena beringi za turbo inavyopaswa. Mmiliki asiyejua atafurahi kwamba gari lake halili oili, wakati hatari inakua mle mle ndani.

Upande wa kuingiza hewa una shida inayofanana na hiyo. Sehemu ya moshi hurudishwa kwenye injini ili kupunguza gesi chafu, na moshi huo ukikutana na mvuke wa oili huacha utando mzito mweusi kwenye njia za hewa. Safari fupi za injini baridi huuongeza. Ni jambo la kumbukumbu za wazi kwamba Novemba 2018 Mazda iliyarudisha kwa marekebisho magari ya dizeli yapatayo 640,000 duniani, CX-5 ikiwamo, kwa tatizo la springi za vali ambalo liliweza kusababisha masizi kujikusanya na kuidhoofisha injini. Kampuni iliyotangaza na kurekebisha imefanya lililo sahihi, lakini gari lililokwisha kutoka Japani kabla ya wito huo, likapita mikono miwili au mitatu, huenda halikuwahi kuguswa. Mnunuzi wa dizeli hana budi kuuliza jambo hilo kwa namba ya chesisi kabla hajatuma fedha.

Fundi mmoja ninayemwamini, ambaye gereji yake iko upande wa Ng'ambo, alinieleza kwa sentensi moja niliyoiona ina uzito kuliko maelezo marefu: "Mwalimu, dizeli hii inataka barabara, ukiifungia mjini inajisonga yenyewe." Baada ya hapo akanionyesha jinsi wengine wanavyolimaliza tatizo, yaani kulikata chujio, kuutoa moyo wake na kuidanganya kompyuta kwamba bado lipo. Nalipinga jambo hilo kwa moyo wote. Chembe zile ni ndogo kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu, na gari la familia husimama na injini ikiwaka mahali ambapo watoto wapo, mbele ya lango la shule na uani nyumbani. Mtu ambaye njia yake ya pekee ya kuimudu dizeli ni kulikata chujio anapaswa kununua petroli.

Oili yenyewe ni mtihani wa pili. Dizeli yenye chujio inahitaji oili isiyoacha majivu mengi, yenye alama ya DL-1 kwa kiwango cha Kijapani au C3 kwa kiwango cha Ulaya. Katika maduka mengi ya spea mjini, ukiomba oili ya dizeli utapewa ile nzito ya malori na mabasi, ambayo ni nzuri kwa kazi yake, lakini ndani ya injini hii huacha majivu yasiyoungua hata kwa joto la nyuzi 600, na chujio hujaa moja kwa moja. Shemeji yangu huagiza oili yake Mwanza au Dar es Salaam na kuweka madebe ya akiba nyumbani, naye huibadilisha kila kilomita 5,000. Anamudu kwa sababu ni mtu wa utaratibu. Petroli haina ugumu huo; inataka oili nyepesi iliyo safi, plagi nzuri, na chujio la hewa linalokung'utwa na kubadilishwa kwa wakati kutokana na vumbi letu.

Kuhusu mafuta ya kituoni, hali imeboreka kuliko zamani. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na bila hatua hiyo gari kama hili lisingefaa kuletwa kabisa, ingawa kiwango cha Japani ni sehemu 10. Uwekaji wa vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) ulioanza mwaka 2010, na kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, vilipunguza sana uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Hata hivyo, pampu ya dizeli hii husukuma mafuta kwa shinikizo la megapaskali 200, karibu mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na hutegemea dizeli yenyewe kulainisha vyuma vyake. Maji kidogo au mafuta ya taa kidogo, ambayo dizeli ya lori kuukuu ingeyavumilia, yanaweza kuharibu pampu na injekta kwa pamoja. Jaza katika vituo vyenye wateja wengi, na usikubali kamwe dizeli ya kwenye madumu inayouzwa kandokando ya barabara vijijini. Petroli iliyochafuka nayo hudhuru, lakini bei ya makosa yake ni ndogo zaidi.

Hapa pia ndipo imani ya mkoa wetu kwa dizeli inapopotosha watu. Tumekua tukiona Land Cruiser za miradi na hospitali zenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo na bila kompyuta, zikipita matope ya masika mwaka hadi mwaka, na fundi wa kijijini akizitengeneza kwa spana na uzoefu. Sifa ile ni ya kweli na ni ya injini ile. CX-5 ya dizeli ina jina la mafuta sawa na 1HZ, lakini ndani ni mtambo mwingine kabisa, unaohitaji mashine ya kusomea hitilafu, injekta zinazosajiliwa kwenye kompyuta na fundi aliyesomea. Mafundi wa namna hiyo Tabora wapo, ila ni wachache, na spea nyingi za dizeli hii lazima ziagizwe nje ya mkoa wakati familia inasubiri.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Subaru Forester XT, ambayo kwa mwendo inaziacha zote: lita 2.0 ya petroli yenye turbo, nguvu za farasi 280. Ni gari la kusisimua. Lakini Japani imeandikiwa petroli ya daraja la juu, na vituo ninavyovitumia mimi vinauza petroli ya daraja moja. Sioni busara ya kununua injini ya namna hiyo kisha kuilisha kisichoiridhisha. CX-5 za petroli zilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, licha ya mgandamizo wao mkubwa wa 13 kwa 1.

Kwa hiyo nani anunue dizeli? Anunue yule ambaye maisha yake yako barabarani: mfanyabiashara wa tumbaku au asali anayekwenda Urambo, Kaliua na Kahama, mhandisi, au mzazi ambaye watoto wanasoma Dodoma au Morogoro na huwafuata mara kwa mara. Tangi la gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne lina lita 58, na kwa kilomita 14 kwa lita mtu anaondoka Tabora, anapita Itigi, Manyoni na Dodoma, na anafika Morogoro akiwa na akiba, wakati wa petroli atakuwa na busara akijaza Dodoma. Kati ya Tabora na Itigi, au katika misitu ya kuelekea Mpanda, ambako vituo viko mbalimbali, akiba hiyo ni utulivu wa moyo. Mtu huyo alikague gari injini ikiwa baridi kabisa, asikilize inavyoamka, achomoe kijiti cha oili na kutazama iko wapi kati ya alama ya kujaa na ile ya X, afungue kifuniko cha oili aone kama kuna harufu kali ya dizeli, na adai kusomewa kwenye mashine kiasi cha masizi kilichomo kwenye chujio. Muuzaji anayekataa hayo ameshajibu.

Sisi nyumbani tumekubaliana kuagiza petroli ya lita 2.5 yenye kuvuta kwa magurudumu manne, ya mwaka 2014 au 2015. Tumeamua pia kuiepuka ile ya bei ya juu yenye rimu za inchi 19, kwa kuwa matairi yake yana ukuta mfupi usiohimili makorongo ya barabara za Uyui baada ya mvua, na ni vigumu kuyapata hapa. Rimu za inchi 17 hutumia matairi ya 225/65, ambayo maduka ya mjini huyaleta bila shida, na fedha tutakayoiokoa hapo inatosha kuweka manne mapya siku gari litakapofika, kwa sababu yale linalokuja nayo kutoka Japani mara nyingi yamekaa miaka mingi hata kama meno yake bado ni marefu.